S Kabla ya U

Ofisini walimwita Kamusi, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianzia kwa nani. Alikuwa mchapaji wa kampuni ya ujenzi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi mweusi. Kwa miaka kumi na tisa, kila barua iliyotoka katika kampuni ile ilipita kwanza kwenye vidole vyake. Wahandisi walikuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza bila hata salamu, "Kamusi, receive ni e kwanza au i kwanza?" naye akiwajibu bila kuinua macho. Siku moja dereva alileta barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa. Alitaka kuandika sick, akaandika sack. Kamusi akamrudishia karatasi yake taratibu. "Kaka, ukimpelekea meneja hii atakupa ulichoomba. Atakufukuza kazi." Ofisi nzima ilicheka wiki mbili, na dereva mwenyewe akawa wa kwanza kuwasimulia wageni.

Hakuwahi kujisifu kwa hilo, lakini lilikuwa fahari yake. Neno lililoandikwa sawasawa lilimpa ile raha ambayo wengine huipata wakitazama shati lililopigwa pasi likanyooka.

Jumanne moja asubuhi jukwaa lilianguka.

Kampuni ilikuwa ikijenga jengo la ghorofa sita, na upande wa nyuma mafundi walikuwa wakipiga plasta juu ya jukwaa la miti na mbao lililofungwa kwa kamba. Saa tatu kasoro robo kamba moja ya ngazi ya nne ilikatika. Mbao zikaachana, na watu wawili wakaenda chini. Waliokuwepo walisema hawakusikia ukelele, walisikia ndoo tu zikigonga miti. Wa kwanza alikuwa fundi mwashi, mwajiriwa wa kudumu, mwenye kitambulisho na namba. Wa pili alikuwa kibarua aliyekuwa akimpandishia mchanga na saruji. Fundi alikata roho pale pale. Kibarua alifika hospitali akiwa anapumua, wakamlaza kwenye benchi la chumba cha majeruhi wakitafuta kitanda. Kitanda kilipopatikana hakuwa na haja nacho tena.

Hawakuwa watu baki wale wawili. Kibarua alikuwa amemwoa mdogo wake fundi. Fundi ndiye aliyekwenda kumwombea kazi kwa msimamizi wa saiti. "Ni shemeji yangu, mtu wa kazi, si mtu wa maneno. Nichukulie hata kwa kutwa." Kutwa hiyo ikawa miezi kumi na moja. Waliishi ua mmoja, nyumbani kwa mama mzazi wa fundi. Fundi, ambaye habari ya kuoa alikuwa akiisema mdomoni tu, alikuwa na chumba cha mbele. Dada yake, mumewe na binti zao wawili walikaa vyumba vya nyuma. Asubuhi mashemeji hao walitoka pamoja, mchana walikula bakuli moja, jioni walirudi pamoja wakibishana mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Yule mama, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, alipoteza mwana na mkwe.

Saa kumi jioni msimamizi wa saiti aliingia ofisini akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, na doa la damu kwenye goti la suruali. Alikaa kwenye kiti cha wageni akaandika taarifa ya ajali kwa mkono, kurasa mbili, kwa Kiingereza, maana fomu za ofisi ya kazi ya serikali zilitaka hivyo. Alipomaliza akaziweka mbele ya Kamusi.

"Dada, ichape leo hii hii. Meneja anataka iende asubuhi."

Kamusi alimfahamu yule fundi. Alikuwa akija kila mwaka kuchukua fomu ya likizo, na Kamusi alimwita mwalimu. Kwa hiyo alichapa haraka kuliko kawaida yake, machozi yakimjaa, akitaka tu kurasa zile zimwondokee mezani. Hakuisoma mara ya pili. Kwa miaka kumi na tisa kila kitu alikuwa akikisoma mara mbili kabla ya kukitoa. Ile hakuisoma. Meneja akaisaini, tarishi akaipeleka.

Miezi mitano baadaye mwanamke wa miaka kama thelathini alifika mapokezi akiwa na mtoto mgongoni na bahasha ya kaki mkononi. Mlinzi alimwambia meneja hayupo. Yule mwanamke akasema hakuja kwa meneja.

"Nimekuja kumwona aliyeandika barua ya msiba wetu."

Kamusi alisikia kutoka mezani kwake, akamwambia mlinzi amwache apite, akamvutia kiti. Mtoto alikuwa wa miaka miwili hivi, amelala, shavu limebonyea mgongoni kwa mama yake.

"Mimi ni mke wa yule kibarua aliyeanguka," mgeni alisema. "Na fundi alikuwa kaka yangu. Nataka kumjua aliyeandika kwamba mume wangu ndiye aliyesababisha."

"Aliyesababisha nini, mdogo wangu?"

"Ajali. Kwamba yeye ndiye aliyemwua kaka."

Kamusi alimshika mkono. Alimwambia hapana, hakuna mtu aliyeandika jambo kama hilo, maana taarifa ile aliichapa yeye mwenyewe na anaikumbuka. Iliwataja walioanguka na saa waliyoanguka. Sababu waliandika kuwa inachunguzwa.

Mjane akatoa karatasi ndani ya bahasha. Ilikuwa tafsiri ya Kiswahili, ina muhuri wa ofisi ya kazi. Kamusi akavaa miwani. Mstari wa sita ulisema hivi: Walioanguka ni wawili. Wa kwanza, fundi mwashi, mwajiriwa wa kudumu. Wa pili, mfanyakazi aliyesababisha.

"Tuliitwa sote," mjane alisema. "Mimi na mama. Kijana mmoja mwenye tai akatusomea. Alipofika hapo mama akamwambia, rudia mwanangu. Akarudia. Mama akainuka akatoka. Siku hiyo hatukurudi nyumbani kwa njia moja."

"Akakwambia nini?"

"Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa siku nne bila kusema, siku ya tano akaniita. Akasema, mwanangu, wewe sina ugomvi nawe, lakini huyu mdogo siwezi kumtazama. Amechukua sura ya baba yake yote, mpaka namna ya kukunja paji la uso. Kila nikimwona namwona aliyemwangusha mwanangu. Nikafungasha." Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Sasa hivi nimepanga chumba, nafulia watu nguo. Yule mkubwa wa miaka saba ananiuliza kila siku bibi amekasirikia nini. Nimekosa la kumjibu."

Kamusi alikwenda kwenye kabati la chuma, akavuta faili la ajali. Nakala ya taarifa ilikuwa juu. Alishusha kidole mpaka mstari wa sita, na hapo kidole kikakwama. Palitakiwa kuandikwa casual worker, yaani kibarua, mtu wa kutwa. Palikuwa pameandikwa causal worker.

Aliisoma tena akidhani macho yanamchezea. Herufi zilikuwa zile zile sita, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. S na u zilikuwa zimepishana tu, kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Lakini neno lililopatikana lilikuwa lingine kabisa. Lilikuwa neno la kitu kinachosababisha, kinacholeta matokeo. Nyuma ya nakala zilikuwa zimebanwa zile kurasa mbili za msimamizi, na pale, kwa mwandiko wa mtu ambaye mkono ulikuwa ukimtetemeka, casual ilikuwa imeandikwa sawasawa, s yake imepinda kama ndoana. Kosa lilikuwa lake peke yake.

Alisimama pale kabatini kwa muda, mpaka mhandisi mmoja aliyekuwa akipita akamuuliza kama anajisikia vibaya. Kamusi alirudi mezani na faili.

"Ni mimi," alimwambia mjane.

"Wewe nini?"

"Niliyeandika. Sikukusudia, lakini ni mimi."

Alichukua karatasi tupu akayaandika maneno yote mawili kwa herufi kubwa, moja juu ya jingine. Mjane aliyatazama kwa makini.

"Mbona ni sawasawa."

"Si sawa. Tazama hapa katikati."

Mjane akainama zaidi. Akaweka kidole juu ya s ya neno la juu, halafu juu ya u ya neno la chini. Ilimchukua muda.

"Hii tu?"

"Hii tu."

Kamusi alijiandaa kulaaniwa, na moyoni alitaka alaaniwe. Lakini yule mwanamke alikunja karatasi yake ya muhuri akairudisha ndani ya bahasha.

"Basi irekebishe," alisema, kama anayemwambia fundi cherehani apunguze upindo.

Meneja aliporudi mchana, Kamusi aliingia na faili kifuani. Meneja alikuwa mtu mzima mwenye upole wa kuzoea, asiyepandisha sauti hata akiwa na hasira. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia afunge mlango.

"Hilo kosa tunalijua."

"Tunalijua nani, bosi?"

"Mimi na mwanasheria. Aliliona zamani. Akasema tusiliguse." Alivua saa yake akaiweka mezani, kama alivyofanya kila alipotaka kueleza jambo refu. "Fikiri mwenyewe. Yule mama angeweza kutushtaki. Ameacha. Kwa nini ameacha? Kwa sababu akishtaki atakuwa anamwanika mkwe wake, baba wa wajukuu zake. Mkaguzi wa ofisi ya kazi naye ameona familia imenyamaza, akaliweka faili kando. Herufi zako mbili zimefunga faili lote hili. Leo unataka mimi nilifungue?"

"Lakini si kweli, bosi. Yule kijana hakusababisha kitu."

"Yule kijana amekufa. Ukimsafisha hafufuki. Hapa kuna watu mia na ishirini wanaotegemea kampuni hii isimame, na wewe ni mmoja wao."

"Naomba tu unisainie barua ya masahihisho. Mstari mmoja."

"Nenda kapumzike, Kamusi," meneja alisema, akivaa saa yake. "Kesho utaliona tofauti."

Hakupumzika. Alirudi mezani akakaa akishika tama, na hapo likamjia jambo ambalo kwa miezi mitano alikuwa amelipa kisogo. Akavuta faili jingine, la maombi ya vifaa. Ndani yalikuwamo maombi matatu ya msimamizi wa saiti, yote yakitaka kamba mpya za jukwaa, au miti ibadilishwe waweke mabomba ya chuma. La kwanza lilitangulia ajali kwa miezi mitatu. La mwisho lilitangulia kwa siku tisa. Hakuna lililosainiwa. Yote matatu yalikuwa yamechapwa vizuri, aya zimenyooka, tarehe zimekaa mahali pake, na kila moja alikuwa amelisoma mara mbili.

Aliyatoa yote matatu, pamoja na zile kurasa mbili za mkono, akayatia mkobani. Katika miaka yote ile hakuwahi kuondoka na hata kalamu ya ofisi.

Asubuhi iliyofuata aliongozana na mjane mpaka ofisi ya kazi. Waliambiwa tafsiri zote hufanywa na mtu mmoja, chumba cha mwisho chini ya ngazi. Walimkuta mzee wa karibu kustaafu, shati mikono mirefu, meza imejaa karatasi mpaka imebaki nafasi ya kiwiko tu. Pembeni yake palikuwa na kamusi nene iliyobanduka jalada, imefungwa kwa utepe wa gundi.

Kamusi akamweleza. Mtafsiri akatafuta nakala yake, akaisoma, akaisoma na ile ya mkono.

"Nalikumbuka neno hili," alisema. "Nilipolikuta lilinishtua. Mtu anaandika taarifa, sababu anasema inachunguzwa, halafu hapo hapo anasema huyu ndiye msababishi. Nikafungua kamusi nihakikishe. Maana yake ilikuwa hiyo hiyo. Nikatafsiri kilichoandikwa."

"Hukuuliza, baba?" mjane alisema.

"Sikuuliza, mwanangu. Karatasi imesainiwa na meneja. Nikajiambia, wenyewe walikuwepo, wanajua walichokiona." Alishusha macho. "Ningeuliza."

Mzee akavuta kamusi yake, pengine kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini, akafunua mpaka kwenye c. Akawaonyesha. Alisema hili la casual lilitoka Kilatini, na mzizi wake ni kuanguka. Jambo linaloanguka tu mbele yako, lisilopangwa. Ndipo likaja likawa la mtu ambaye kazi yake haikupangwa, leo yupo kesho hayupo. Neno casualty, lile lililobandikwa juu ya mlango wa chumba cha majeruhi hospitalini, lilizaliwa humo. Hata accident ni ukoo huo huo, wote ni watu wa kuanguka.

Mjane alikuwa akisikiliza huku akimtikisa mtoto taratibu.

"Kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa linasema ameanguka."

"Kwa asili yake, ndiyo."

"Na hili lililoandikwa?"

"Hili ni la watu wengine kabisa. La sababu, la mashauri ya mahakamani. Neno lao la kushtaki limetoka humu." Akafunga kitabu. "Hata letu lina habari yake. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku hiyo alifanya kazi."

"Yeye hakupewa hata hicho," mjane alisema.

Mtafsiri aliandaa karatasi ya masahihisho. Alieleza kuwa kwa kawaida lazima asaini mkuu wa kampuni, ila mtu aliyefanya kosa akikiri kwa maandishi na akaleta mswada wa awali, ofisi inaweza kupokea. Kabla ya kumpa Kamusi kalamu, akamtazama juu ya miwani.

"Mama, ukisaini hapa umemwaga unga. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Akasaini. Kisha akayaweka mezani yale maombi matatu ya kamba. Mtafsiri aliyasoma moja baada ya jingine, na alipofika la tatu akatazama tarehe, akahesabu kwa vidole.

"Haya si ya kutafsiri," alisema. "Haya ni ya mkaguzi." Akainuka kwa taabu, akapanda nayo ngazi mwenyewe.

Barua ya kumfukuza Kamusi ilitoka siku ya tatu. Iliandikwa na msichana wa mapokezi, na ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Kamusi aliyaona yote mawili. Aliipokea, akaikunja, akaaga.

Tafsiri mpya ilitoka baada ya wiki mbili, ikiwa na muhuri kama wa kwanza. Kamusi na mjane waliipeleka wote kwa yule mama, Jumamosi asubuhi. Mjane alitaka kumwacha mtoto kwa jirani, halafu akabadili nia, akambeba. Yule mkubwa alibaki shuleni kwenye masomo ya ziada.

Walimkuta mama amekaa kwenye kizingiti cha mlango akishona foronya. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imechomoza. Aliitikia salamu bila kumtazama binti yake wala mtoto. Aliwaonyesha mkeka. Chumba cha mbele, kilichokuwa cha fundi, kilikuwa na kufuli.

"Mama, huyu dada amekuja kukusomea kitu," mjane alisema.

Kamusi alisoma. Alipofika mstari wa sita alisoma polepole zaidi: wa pili, kibarua.

"Rudia," mama alisema.

Akarudia.

Mama alichoma sindano kwenye foronya akaiweka pajani. "Mara ya kwanza nilisomewa na kijana mwenye tai. Alisoma vizuri tu kama wewe. Na karatasi ile ilikuwa na muhuri, kama huu. Sasa mimi nisiyejua kusoma, niambie, nishike ipi?"

"Ile ya kwanza ilitoka mkononi mwangu, mama. Kosa ni langu."

"Ulikosea nini?"

"Herufi mbili. Nilizibadilisha nafasi."

Mama akavitazama vidole vya Kamusi, kwa muda, kana kwamba anatafuta kilema.

"Basi nani alisababisha?"

Swali hilo Kamusi alikuwa amelitarajia tangu njiani, na bado lilimkuta hajajiandaa. Alisema kamba zilikuwa zimeoza. Alisema msimamizi aliomba mpya mara tatu, na meneja hakusaini.

"Umejuaje?"

"Maombi niliyachapa mimi."

"Ukayasoma?"

"Nikayasoma. Mara mbili mbili." "Hayakuwa na kosa."

"Na hukumwambia mtu. Hata mwanangu."

"Sikumwambia. Alikuja kuchukua fomu ya likizo mwezi wa ombi la mwisho. Nikampa fomu."

Mama aliichukua foronya, akachomoa sindano, akashona mishono mitatu minne, akaacha tena. Machozi yalikuwa yakimteremka lakini uso haukubadilika. Halafu akageuka kwa binti yake, akanyoosha mikono yote miwili kwa yule mtoto.

"Nipe nimshike."

Mtoto alimtazama, akakunja paji la uso. Mjane akajivuta nyuma kwenye mkeka.

"Si leo, mama."

"Mwanangu, nilidanganywa. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Walikusomea kwamba alisababisha. Hawakukusomea unifukuze. Hilo ulilisoma mwenyewe."

Mikono ya mama ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka. Mjane akaaga kwa adabu zote, akapiga goti, akainuka, akatoka. Kamusi akamfuata. Walitembea mpaka barabara kubwa. Kufika pale mjane akasema, "Nilitaka tu asikie," na wakaachana.

Faili lilifunguliwa. Mkaguzi alikwenda saiti, akakuta jukwaa jipya la mabomba ya chuma, la kung'aa, kana kwamba siku zote lilikuwa hilo. Msimamizi aliulizwa, akakubali kwamba maombi ni yake, na mwezi uliofuata kampuni haikuwa na kazi tena ya kumpa. Meneja alihamishiwa tawi jingine, na waliomuona wanasema anaendelea vizuri. Shauri dhidi ya kampuni liko mahakamani. Limeahirishwa mara sita. Kwenye hati ya mashtaka jina la kibarua limo, na mbele yake neno limeandikwa sawasawa.

Kamusi anachapa mitihani katika duka moja la huduma za uandishi, kwenye kona, kati ya kinyozi na fundi viatu. Pale wanamwita mama tu. Anafanya kazi polepole mno, kidole chini ya kila neno, na wateja wenye haraka wameanza kwenda kwingine. Mwenye duka amekwisha kumsemesha kuhusu hilo mara mbili. Wanafunzi wakimuuliza neno fulani linaandikwaje, anawaambia watazame kitabu.

Mama yake fundi alikaa miezi miwili, halafu siku moja ya Jumapili akaonekana kwenye chumba alichopanga binti yake, baada ya kuulizia nyumba kwa nyumba. Hakubisha hodi. Alikaa kwenye ngazi ya nje. Mjane alimkuta hapo alipotoka kuanika nguo. Akamtolea kigoda, akamletea chai, akarudi kwenye beseni lake. Tangu siku hiyo mama huja kila Jumapili, na kila Jumapili anapewa kigoda na chai, nje pale pale. Hawazungumzi mengi. Binti mkubwa humsomea bibi yake vitabu vya shule, naye humrudishia, "Soma tena hapo." Yule mdogo sasa ana miaka mitatu. Hucheza karibu na kigoda, mara hushika upindo wa gauni la bibi, mara huuachia. Bibi anamtazama. Bado hajamnyanyua, na mama yake hajasema amnyanyue.